Volani inasumbua baada ya kuinua gari: dalili, chanzo na matengenezo

Land Cruiser iliyoinuliwa milimita 50 inapita juu ya mawe ya volkano ya Majengo au Ndosho, mitaa ya Goma, bila kugusa chini, lakini ikipata barabara iliyonyooka na mwendo wa kilomita 70 kwa saa, dereva anaanza kupigana na volani. Garaji nyingi hujibu kwa kuuza amotiseri mpya ya direksio, ile inayotuliza mtikisiko wa usukani. Hiyo amotiseri inaficha kosa kwa miezi michache, halafu kosa linarudi likiwa limekula rotili (viungo vya bare za usukani) na tairi pia. Inafaa kujua kwanza nini kimebadilika chini ya gari.

Gari zinazoinuliwa sana Goma ni za aina mbili, na matatizo yake hayafanani. Aina ya kwanza ina ekseli nzima mbele: Land Cruiser 76, 78 na 79, Land Cruiser 80, Nissan Patrol Y60 na Y61, Suzuki Jimny. Aina ya pili ina mikono huru kwa kila gurudumu: Prado 90, 120 na 150, Hilux Vigo na Revo. Zile Land Cruiser HZJ75 za zamani zina ekseli nzima lakini zimekaa juu ya lame (mabamba ya chuma yaliyopangana) hata mbele. Resori za waya uliozungushwa zilikuja mwaka 1999 pamoja na 78 na 79. Sehemu kubwa ya maelezo haya ni ya ekseli nzima. Prado na Hilux zina sehemu yake huko chini.

Anza na ulegevu

Usipime pembe yoyote kabla hujahakikisha kwamba hakuna kinachocheza. Gari lisimame chini kwa magurudumu yote manne, injini iwake ili usukani uwe mwepesi. Mtu mmoja azungushe volani kushoto na kulia kidogo kidogo, kama robo ya mzunguko, bila kusimama. Wewe ulale chini, ushike kila kiungo kwa kiganja, kimoja baada ya kingine: mkono wa boksi ya direksio, rotili za bare inayotoka kwenye boksi kwenda gurudumuni, rotili za bare inayounganisha magurudumu mawili, ncha zote mbili za bare ya Panhard, ile inayotoka shasi hadi ekseli kuizuia isiende upande. Kiungo kibovu kinasikika mkononi kabla jicho halijakiona. Angalia pia kama boksi yenyewe inasogea kwenye shasi. Barabara za mawe zinalegeza buloni zake, na shasi inaweza kupasuka kuzunguka matundu ya hizo buloni. Futa matope yote kwanza, kwa sababu ufa mwembamba hauonekani chini ya udongo.

Kisha inua gurudumu moja kwa kriki, weka kigogo au kisimamo imara chini ya ekseli, ushike tairi juu na chini na ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage freni, utikise tena. Ulegevu ukitoweka freni ikiwa imekanyagwa, ni beringi za gurudumu. Ukibaki, ni beringi za pivoti, yaani mhimili ambao gurudumu linageukia. Jaribio hili linachukua dakika tano na linaokoa pesa ya kubadilisha kitu kizima.

Kosa moja la ufungaji linastahili kutajwa peke yake, maana linaleta karibu kila dalili. Fundi anafunga resori mpya gari likiwa hewani, magurudumu yananing'inia, na hapo hapo anakaza buloni zote za mikono na za Panhard hadi mwisho. Silanbloku, yaani bushi ya mpira ya kiungo, imeshikwa katikati na bomba la chuma. Ukiikaza ikiwa kwenye pembe ya kuning'inia, gari likishushwa mpira unabaki umejipinda muda wote. Mpira huo unavuta ekseli upande, unafanya gari likae juu kuliko inavyotakiwa, na baada ya muda unachanika. Dawa ni rahisi: shusha gari, litikise mara kadhaa kwenye resori zake, legeza buloni zote za silanbloku, kisha ukaze upya uzito wote ukiwa chini. Kipimo cha kukaza kifuate kitabu cha gari lako, na gupili (pini za kuzuia nati) zilizotolewa zisirudishwe, tia mpya.

Volani imekaa upande gari likienda sawa

Hili ndilo jepesi zaidi, na ndilo linaloharibiwa zaidi. Ukiinua shasi, bare inayotoka kwenye boksi kwenda gurudumuni inalala kwa mteremko mkali zaidi, kwa hiyo umbali wake wa mlalo unapungua. Magurudumu yanavutwa kidogo, na ili gari liende sawa inabidi volani ishikwe upande.

Rekebisha kwenye bare hiyo hiyo. Legeza vibanio viwili vya bomba lake la uzi, zungusha bomba, jaribu, kaza. Ncha moja ina uzi wa kulia na nyingine wa kushoto, kwa hiyo mzunguko mmoja unabadili urefu mara mbili ya hatua ya uzi. Endelea kwa robo robo.

Usitoe volani ukairudisha kwenye meno mengine. Boksi ya direksio imetengenezwa iwe ngumu kabisa, bila ulegevu, katikati tu ya safari yake. Ukihamisha volani, gari litaenda sawa boksi ikiwa nje ya katikati, nawe utapata ulegevu mpya ambao haukuwapo. Pia gari litakata kona fupi upande mmoja na pana upande wa pili. Kwenye Prado 120 na 150 zenye udhibiti wa mtelezo, kompyuta itaona volani imepinda wakati gari linakwenda sawa, na taa itawaka.

Kupata katikati ya boksi: tenganisha bare, zungusha volani kutoka mwisho hadi mwisho ukihesabu mizunguko, rudisha nusu.

Gari linatangatanga, volani hairudi yenyewe baada ya kona

Hapa chanzo karibu daima ni kasta, yaani mlalo wa mhimili ambao gurudumu linageukia. Tazama uma wa pikipiki: juu umelala nyuma, na ndiyo maana pikipiki inapenda kwenda mbele. Ekseli ya gari ina mlalo huo huo, ila mdogo. Land Cruiser 80 inatoka kiwandani na digrii kama 3.

Mikono miwili inatoka shasi, inaelekea mbele, na kushika ekseli kwa buloni mbili kila mmoja. Ukiinua shasi, ncha ya nyuma ya mkono inapanda, na kwa kuwa mkono umeshikwa kwa nguvu kwenye ekseli, ekseli inazunguka nayo: sehemu ya juu ya pivoti inakwenda mbele. Mkono wenye urefu wa milimita 1,000 ukipandishwa milimita 50 unazunguka karibu digrii 2.9. Toa hizo kwenye 3. Mkono ukiwa mfupi hasara inazidi, ndiyo sababu Jimny inakuwa ngumu kuongoza kwa kuinuliwa kidogo tu.

Kuna wizi wa pili wa kasta ambao watu wa huku hawaufikirii: lame zilizoongezwa nyuma. Gari linalobeba makala (mkaa) au viazi kutoka Masisi huongezwa lame moja au mbili, na likiwa tupu mkia unasimama juu. Land Cruiser 78 ina milimita 2,980 kati ya ekseli mbili. Nyuma ikipanda milimita 50 zaidi ya mbele, gari zima linainama mbele karibu digrii 1, na kasta inapungua kiasi hicho hicho. Kwa hiyo uliza swali hili kabla ya kununua chochote: gari linatangatanga likiwa tupu na linatulia likipakiwa? Kama ndiyo, shida haiko mbele peke yake. Na resori za mbele zilizotengenezwa kwa winchi na bampa ya chuma, zikifungwa kwenye gari lisilo na vitu hivyo, zinainua zaidi ya milimita zilizoandikwa kwenye kasha lake. Pima mwenyewe: kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa matagadi, kabla na baada.

Kasta yenyewe unaweza kuifuatilia kwa simu yenye programu ya kupima mlalo. Tafuta sehemu bapa ya chuma kwenye ekseli ambayo simu itakaa vilevile kila mara, isugue iwe safi, andika digrii kabla ya kuinua gari. Baada ya kuinua, pima pale pale, gari likiwa kwenye sakafu ile ile. Tofauti ndiyo kasta uliyopoteza. Haikupi namba kamili ya mashine, lakini inakuonyesha hasara, na hasara ndiyo unayotaka kurudisha. Lenga kubaki na digrii 3 hadi 4.

Namna za kuirudisha ziko tatu. Silanbloku zenye tundu lisilo katikati zinafungwa kwenye ncha ya mkono iliyo upande wa ekseli na kurudisha kama digrii 2. Zinatosha kwa gari lililoinuliwa hadi milimita 50. Zinaingizwa kwa presi ya hidroliki, si kwa nyundo, na alama zake lazima ziangalie upande mmoja kwa mikono yote miwili. Zikiingizwa kinyume zinaondoa kasta iliyobaki, na gari linatoka garaji baya kuliko lilivyoingia. Chagua za mpira kama zinapatikana. Zile za poliuretani ni ngumu mno kwa kiungo hiki, ambacho kazi yake ni kujipinda wakati gurudumu moja liko juu ya jiwe.

Namna ya pili ni vipande vya chuma vinavyoshusha ncha ya mkono kwenye shasi. Kimahesabu ndiyo safi kuliko zote, kwa kuwa mkono unarudi kwenye mlalo wake wa zamani. Lakini vipande hivyo vinaning'inia chini nyuma ya magurudumu, mahali ambapo jiwe la volkano linagonga kwanza. Kwa barabara ya Kibumba hatushauri. Ukipita milimita 75, nunua mikono mipya iliyotengenezwa kwa urefu huo, ambayo ndiyo namna ya tatu.

HZJ75 na nyingine za lame: kabari ya chuma kati ya lame na ekseli. Iwe ya chuma, kwa kuwa za aluminiamu hupasuka. Kama pingili ya lame (kiungo kinachoshika ncha yake kwenye shasi) iko mbele na mtu ameirefusha ili gari lipande, hapo ndipo kasta ilipokwenda. Rudisha pingili ya kawaida, uinue kwa lame zenye umbo bora.

Jambo moja la pembeni. Unaporudisha kasta kwa kuzungusha ekseli, pua ya difransio inainama chini, na kardani ya mbele (shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli) inafanya kazi kwenye pembe kali. Mtetemo unaotokea hapo watu huudhani wa usukani. Kwenye Land Cruiser 70 yenye habu za kufunga kwa mkono, weka habu zote mbili kwenye FREE, gari liwe kwenye magurudumu mawili ya nyuma, uende kwa mwendo ule ule. Mtetemo ukiisha, ni kardani. Kwenye 80, ambayo kwa kawaida inazungusha magurudumu manne muda wote, kardani ya mbele haipumziki, na dalili hii inaonekana mapema.

Volani inatetemeka kwa nguvu baada ya shimo

Magurudumu ya mbele yanaanza kupiga kushoto na kulia yenyewe, gari zima linatikisika, na haliachi mpaka upunguze mwendo karibu kusimama. Usikanyage freni kwa ghafla. Shika volani imara, toa mguu kwenye mafuta, acha gari lipungue.

Mtetemo huu unahitaji vitu viwili: kitu cha kuuanzisha, kama tairi isiyo na balansi, na ulegevu wa kuuendeleza. Balansi ya tairi kwa hiyo inaweza kuhamishia mtetemo kwenye mwendo mwingine bila kuuponya. Fuata ulegevu kwa mpangilio huu: bare ya Panhard kwanza, silanbloku zake na matundu ya buloni zake, ambayo huliwa yakawa ya mviringo mrefu ikiwa buloni iliachwa bila kukazwa upya, halafu rotili, halafu beringi za pivoti, halafu beringi za magurudumu. Pivoti zina shimu nyembamba zinazoamua ugumu wake. Ukiwa umetenganisha bare za direksio na kuinua gurudumu, liligeuze kwa mkono: linatakiwa likupe ugumu laini ulio sawa njia nzima. Likizunguka ovyo kwa uzito wake, pivoti imelegea.

Amotiseri ya direksio inaangaliwa mwisho. Ikiwa inavuja mafuta, ibadilishe. Ikiwa ukiitoa gari linatetemeka papo hapo, basi kuna kitu kingine kinachohitaji kutengenezwa.

Gari linaruka upande likipita tuta

Unapanda tuta kwa magurudumu yote mawili, na volani inajivuta, kisha inarudi. Hapa bare ya Panhard na bare ya direksio hazichori duara moja. Zikitazamwa kutoka mbele, zinatakiwa zilale kwa mteremko mmoja na ziwe na urefu unaokaribiana, ili ekseli ikipanda na kushuka, zote mbili ziivute upande kwa kiasi sawa.

Kosa la kawaida ni kurekebisha moja bila nyingine. Mtu anaona ekseli imesogea upande, anafunga kipande cha kupandisha ncha ya Panhard, ambayo sasa inalala karibu bapa, na bare ya direksio inabaki na mteremko wake. Kabla hajafunga, gari lilikuwa na ekseli iliyosogea milimita chache. Baada ya kufunga, linaruka kila tuta.

Milimita zenyewe ni ngapi? Chukua Panhard ya milimita 850. Ikiwa ncha zake zinatofautiana milimita 100 kwa kimo, ukaongeza 50, ekseli inasogea kama milimita 7 kuelekea upande ambao bare imefungwa kwenye shasi. Ikiwa ilikuwa bapa kabisa, milimita 50 hizo zinaisogeza 1.5 tu. Hazimzuii mtu kuendesha. Kwa gari la milimita 50 hivi, Panhard ya kurekebishwa urefu inatosha kurudisha ekseli katikati bila kugusa mteremko. Pima kutoka shasi hadi ukuta wa tairi, kushoto na kulia.

Angalia pia picha unazofuata. Seti nyingi za kuinua gari zinazouzwa, kama Old Man Emu na Ironman, ni za Australia, ambako volani iko kulia. Huku barabarani ziko zote mbili, na bare ya direksio ya volani ya kulia haifungwi ovyo kwenye gari la volani ya kushoto. Kagua sehemu yako kwa macho kabla ya kulipa.

Na hapana, bare ya direksio haipashwi moto ikakunjwa, wala haichomwi soda ikikatika. Inabadilishwa.

Gari linavuta upande mmoja

Badilishana tairi za mbele kushoto na kulia. Uvutaji ukihamia upande wa pili, ni tairi. Ukibaki, gusa janti baada ya mwendo mfupi: moja ikiwa na joto sana, freni imeshika. Ikiwa zote ni sawa, dai kasta ya kila upande kutoka mashine ya paralelismu (ile inayopima jinsi magurudumu yanavyolingana); gari huvutwa kuelekea upande wenye kasta ndogo, na tofauti ya zaidi ya nusu digrii inasikika. Kwenye ekseli nzima tofauti hiyo inamaanisha ekseli au mkono umepinda, au silanbloku moja iliingizwa vibaya. Kuvuta kidogo kulia kwenye barabara iliyoinuka katikati si ugonjwa.

Volani imekuwa nzito

Upepo wa tairi, mkanda wa pampu, mafuta ya direksio, kwa mpangilio huo. Kisha kumbuka ulichobadilisha pamoja na resori: kutoka 265/75R16, yenye kipenyo cha milimita 804, kwenda 285/75R16, yenye 834, na janti zilizotoka nje zaidi, gurudumu linageuka kwa kujiburuta. Uzito huo hauondoki kwa marekebisho. Lakini ikiwa volani ni nzito na pia hairudi, na mtu alikaza skrubu ya boksi ili kuondoa ulegevu, irudishe robo mzunguko. Skrubu hiyo hukazwa magurudumu yakiwa mbele kabisa, kwa robo mzunguko usiozidi.

Prado na Hilux

Kwenye gari hizi hesabu ya kwanza ni ya kipande kinachowekwa juu ya amotiseri. Amotiseri imeshika mkono wa chini karibu na katikati yake, kwa hiyo kipande cha milimita 25 kinainua gari karibu milimita 50. Mtu akitaka 50 akaweka kipande cha 50, anapata karibu 100: rotili za juu zinafika mwisho wa safari yake, kardani ndogo zinachana mipira, na hakuna paralelismu itakayokubali.

Hapa, tofauti na ekseli nzima, kila milimita ya kuinua inabadili paralelismu, kasta na karosaji (mlalo wa gurudumu kwenda ndani au nje) kwa pamoja. Pembe hizo mbili za mwisho zinarekebishwa kwa buloni za mduara usio katikati kwenye mkono wa chini, moja mbele na moja nyuma. Baada ya miaka ya matope ya Sake buloni hizo hushikwa na kutu ndani ya bomba la silanbloku. Zimwagie mafuta ya kulegeza kutu siku moja kabla, la sivyo utazikata kwa msumeno. Ukizidi milimita 50, marekebisho yanaisha kabla kasta haijarudi, na inabidi mikono mipya ya juu.

Paralelismu kwa utepe

Kwenye ekseli nzima kuinua hakugusi paralelismu, maana bare inayounganisha magurudumu haibadiliki urefu. Ikiwa imebadilika, bare imepinda. Kupima: inua kila gurudumu, lizungushe ukichora mstari mwembamba katikati ya tairi kwa msumari uliotulia juu ya kigogo. Shusha, sukuma gari mbele mita tatu. Pima kati ya mistari kwa mbele, kwenye kimo cha katikati ya habu, kisha kwa nyuma kimo kile kile. Mbele iwe fupi kwa milimita 1 hadi 3.

Mwisho, zungusha volani hadi mwisho pande zote mbili, gurudumu moja likiwa linaning'inia. Mpira wa freni usikazike, tairi isiguse mkono. Ikigusa, toa nje buloni ya kuzuia kona. Kama gari lina vali ya freni ya nyuma inayofuata mzigo, fimbo yake irekebishwe kwa kimo kipya, la sivyo itadhani gari ni tupu daima na freni za nyuma zitakuwa dhaifu. Buloni zote zikazwe upya baada ya kilomita 500, resori zikishakaa, na hapo ndipo ulipie mashine ya paralelismu.